Uzi: Watoto wetu wanajua kuzomeana uwanjani kuliko kusifiana. Tunawafundishaje kuuona uwezo wa mwenzao?

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nenda kasimame pembeni ya uwanja wowote wa shule ya msingi saa kumi jioni, usikilize watoto wa darasa la tatu hadi la sita wakicheza. "Garasa wewe!" "Unatuchoma!" "Toka, huna mguu!" "Nani kamchagua huyu?" Maneno ya kumponda mwenzao wanayo ya kujaza daftari. Sasa subiri goli lifungwe usikie sifa. Mfungaji anakimbia mikono juu, wote wanamkimbilia yeye, na neno ni lile lile, "mkali!" Dogo aliyepokonya mpira kule nyuma, akampiga mtu chenga, akatoa pasi, kabaki huko huko anafunga kamba za raba zake. Hakuna aliyemtazama.

Nafundisha michezo shule ya msingi mkoani Morogoro. Kipindi chenyewe wakubwa humu mnakikumbuka kama Haiba na Michezo, siku hizi ni Sanaa na Michezo. Naona walimu wenzangu wengi na makocha wa mchangani wanaamini watoto hawasifiani kwa kukosa adabu. Mimi nasema tatizo ni macho. Mtoto hamsifii mwenzake kwa kuwa hakumwona akifanya lolote. Muda wote yeye alikuwa anautazama mpira na kudai apewe. Ndiyo maana ukiwakusanya ukasema "haya, pongezaneni", wanapiga makofi ya kilo na kutawanyika, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kitu.

Kwa hiyo naanzia kwenye macho. Kabla ya filimbi kila mtoto namnong'oneza jina la mwenzake wa timu moja: leo mtazame huyu. Anacheza kama kawaida, ila mechi ikiisha ananidai mimi nafasi ya kusema, na mimi namdai jambo moja aliloliona. Haambiwi mtu nani anamtazama nani, na hilo tu linatosha kubadilisha mchezo, maana kila mmoja anahisi anatazamwa.

Tukimaliza tunakaa duara chini ya mti. Dakika tano hazizidi, zikizidi wanaanza kufinyana. Anayesema anamgeukia mwenzake na kumwambia yeye mwenyewe, haniambii mimi. Na lazima ataje tendo na mahali. "Wewe ni mzuri" hatuipokei. "Nilipopokonywa mpira pale kwenye kona, ulirudi mbio ukanikabia", hiyo tunaipokea. Anayesifiwa naye ana kazi yake, amtazame mwenzake aseme asante. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Watoto wetu ukiwasifia wanaangalia chini, wanachora mchanga kwa kidole cha mguu, au wanasema "acha uongo". Kupokea sifa nako kunafundishwa.

Kitu kingine ni kidole. Kocha Dean Smith, aliyefundisha mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha North Carolina kuanzia 1961 hadi 1997, alikuwa na desturi kwamba mchezaji akifunga anamnyooshea kidole aliyempa pasi. Kwa watoto ni dawa. Haihitaji maneno, haisimamishi mchezo, na yule aliyebaki nyuma anafunga kamba za raba anainua kichwa kwa sababu anajua kidole kinakuja kwake. Kwetu goli halihesabiwi mpaka kidole kionekane. Wiki za mwanzo wanasahau na kulia magoli yao yamekataliwa, baadaye wanakumbushana wenyewe.

Na jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja: acheni kuwapa manahodha wawili kazi ya kuchaguana mmoja mmoja. Yule anayebaki mwisho, ambaye wanagombania asiende kwao, umeshamharibia siku kabla hajagusa mpira. Gawa timu mwenyewe, kwa herufi ya jina au mwezi wa kuzaliwa.

Karibuni. Nataka na wanaopinga.

Namba Sita

Mwalimu nakuheshimu, ila mimi nipo upande wa pili. Nina timu ya vijana chini ya miaka 13 hapa Temeke. Mpira ni vita. Sisi tulitukanwa na makaka zetu kwenye chandimu mpaka tukajua kukaba. Hawa watoto wa siku hizi ukishawazoesha kukaa duara kuambiana matamu, wakienda kukutana na timu ya mtaa wa pili wanaotukana mama zao, watalia. Halafu mbona mnasifia kila kitu? Dogo karudi kukaba, hiyo ni kazi yake. Nimsifie kwa kufanya kazi yake?

Kapu la Maembe

Namba Sita kaja na daluga zake mapema. Naweka kambi hapa.

Mwalimu wa Zamu

Namba Sita, umenipa pa kuanzia. Wale waliotukanwa wakajua kukaba ndio tunaowaona leo. Waliotukanwa wakaacha mpira hatuwaoni, kwa hiyo hatuwahesabu.

Kuna watu waliwahesabu. Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilikuwa na wataalamu wawili wa saikolojia ya michezo, Ronald Smith na Frank Smoll, waliofuatilia ligi za watoto za besiboli kwa miaka mingi. Makocha wengine waliwapa semina ya saa chache tu: sifia juhudi, mtie moyo mtoto akikosea kisha muonyeshe namna, acha adhabu na matusi. Makocha wengine waliachwa waendelee kama walivyozoea. Katika utafiti wao uliochapishwa 1992, msimu uliofuata waliotoka timu za makocha wasiopata semina waliacha kwa asilimia 26. Waliotoka kwa waliopata semina, asilimia 5. Na katika kazi yao ya mwanzo, ya 1979, watoto wa makocha waliopata semina walipendana zaidi wao kwa wao, ingawa timu zao hazikushinda mechi nyingi kuliko nyingine. Sikudanganyi kwamba utachukua kombe. Nakwambia utabaki na wachezaji.

Kuhusu kusifia mtu kwa kufanya kazi yake: ndiyo, msifie. Mtoto wa miaka kumi hajui kwamba kurudi kukaba ni kazi. Anadhani kazi ni kufunga. Atajuaje kama hakuna anayemwambia kuwa ile mbio yake ya kurudi ilionekana?

Mama wa Kipa

Naomba niulize jambo langu, samahanini kama nakatisha mjadala.

Mwanangu ana miaka tisa, anadaka. Hakuchagua kudaka, waliomchagua ni wenzake kwa sababu hana mbio. Juzi walifungwa tano. Karudi nyumbani hataki kula. Wenzake walimwimbia njia nzima kutoka uwanjani. Nikamwambia "wewe ni kipa mzuri sana mwanangu", akanijibu, "Mama, kipa mzuri hafungwi tano." Sasa mtoto kama huyu wenzake watamsifia kwa lipi? Sitaki adanganywe.

GA Mstaafu

Pole mama. Huyo mwanao ana akili, kakukamata kwenye sifa ya jumla.

Nimecheza netiboli tangu UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, mpaka timu ya mkoa, sasa nafundisha wasichana na siku hizi na wavulana wachache wasioona haya. Kwa netiboli suala lako tunakutana nalo kila siku, kwa sababu mchezo wetu umewekwa hivyo. Wachezaji saba, wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA. Watano waliobaki wanaweza kumaliza miaka yote ya shule bila kufunga hata goli moja, na siyo kwamba hawajui, sheria haiwaruhusu. Mpira huruhusiwi kutembea nao, huruhusiwi kuushika zaidi ya sekunde tatu. Maana yake kila goli limepita mikononi mwa watu. Na bado watoto wanamwona GS peke yake.

Ninachofanya ni kuwatafutia macho ya kazi ya kila herufi kwenye kizibao. Nakaa na timu kabla ya mazoezi, nauliza: GD, yule mlinzi, akifanya nini tutajua kacheza vizuri? Wanataja wao wenyewe. Amemlazimisha mfungaji arushe akiwa mbali. Amesimama umbali wake wa futi tatu bila kupigiwa filimbi halafu mikono iko juu. Ameuokota mpira uliogonga chuma. WA, mshambuliaji wa pembeni, je? Amejitokeza pembeni pale senta alipokwama. Tukishataja hivyo, hata aliyefungwa magoli ishirini kichwani anazo alama zake za kutazamwa, na mwenzake ana cha kusema ambacho ni kweli.

Halafu nabadilisha vizibao. Aliyezoea GS anavaa GK, mlinzi wa goli, kwa robo nzima. Akitoka hapo hahitaji kuambiwa, anajua mwenyewe kazi ya kule nyuma ikoje. Kuna binti nilikuwa naye, mfungaji mzuri na mdomo anao. Alipovaa GK akakutana na mfungaji mrefu, robo ikaisha amelowa jasho, akamwendea GK wake wa kila siku akamuuliza, "We huwa unamruka vipi huyu?" Hiyo kwangu ni sifa kuliko zote, kumuuliza mwenzako akufundishe anachokiweza.

Sasa kwa kipa wako. Magoli matano usiyaguse, ni kweli kafungwa. Muulize yaliingiaje. Kipa hafungwi peke yake, kuna beki aliyepitwa na kiungo aliyepoteza. Halafu nenda uwanjani mwenyewe siku moja utazame mambo haya: anapaza sauti kuwapanga mabeki? Akifungwa anauokota mpira haraka au analala? Anarusha kwa mwenzake au anabutua tu? Ukiona moja, mwambie hilo hilo. "Goli la tatu lilipoingia uliamka mara moja ukamwambia beki wako asogee kulia." Hilo hawezi kukubishia.

Mama wa Kipa

Asante dada. Huwa anapaza sauti kweli, mpaka majirani wananiambia. Sikujua ni jambo la kusifiwa.

Chaki Nyeupe

Mnaongea kama kila mtu ana timu ya watu kumi na wanne. Mimi darasa la nne nina watoto zaidi ya mia, mpira mmoja, uwanja unagawanywa na barabara ya bodaboda. Nikisema kila mmoja aseme alichokiona kwa mwenzake, jua linazama.

Mwalimu wa Zamu

Mwalimu mwenzangu, hali yako naijua, nami sitoki mbali na hapo. Kwa kundi kubwa achana na mpira wa miguu siku hiyo. Kuvuta kamba, kupokezana vijiti, rede, kuruka kamba: wengi wanacheza pamoja na wengine wanatazama kwa zamu. Wagawe vikundi vya sita sita, kila kikundi kina kikundi cha kukitazama. Wakibadilishana zamu wanaongea wawili wawili, wote kwa mpigo, huhitaji kusikia kila neno. Utasikia kelele tu, lakini kwa sauti yake utajua ni kelele ya kusimuliana au ya kugombana. Masikio ya mwalimu hayo unayo.

Kupokezana vijiti ndiko nakopenda zaidi kwa kuanzia, kwa sababu kuna kitu cha kuona kinachotokea mahali pamoja: kijiti kinatoka mkono huu kwenda huu. Kikidondoka kila mtu kaona, kikipokelewa vizuri kila mtu kaona. Mtoto asiye na mbio anaweza kuwa mpokeaji bora kuliko wote, anatulia, anatanguliza mkono, hageuki nyuma. Wenzake wakijua kulitazama hilo, huyo mtoto ana mahali katika timu.

Kuna jambo jingine linakufaa kwa wingi huo. Watoto wetu ni mabingwa wa kushitaki: "Mwalimu, fulani kanisukuma, fulani kanivuta shati." Mwaka 2000 Christopher Skinner na wenzake Marekani walichapisha jaribio kwa darasa la nne ambapo watoto walipewa kazi iliyo kinyume cha kushitaki. Kila mmoja anaandika kwenye kikadi jambo jema alilomwona mwenzake akifanya, vikadi vinahesabiwa kwa darasa zima, wakifika idadi waliyokubaliana darasa lote linapata zawadi. Kwetu tumia karatasi za daftari kuukuu na kopo. Na zawadi iwe ya wote, mfano dakika za kucheza ziongezwe. Ukimzawadia mtu mmoja mmoja utawafanya waandikiane marafiki kwa marafiki, "niandike nikuandike".

Kifaru wa Pwani

Hapo kwenye "niandike nikuandike" umesema kweli. Huku kwetu Mombasa kuna kocha aliweka "mchezaji wa siku" kwa kura za watoto. Ikawa siasa tupu. Kulikuwa na kampeni na peremende.

Mkimbiaji wa Bonde

Salamu kutoka Eldoret. Ngoja niwaletee ya riadha, kwa kuwa watu hudhani mbio ni za mtu mmoja.

Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akamaliza kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumwekea kasi, wakibadilishana kwa vikundi. Saba kwa wakati mmoja, watano mbele yake kwa umbo la V na wawili nyuma. Baadhi yao ni mabingwa kwa haki yao, akina Bernard Lagat, na wale ndugu watatu wa Ingebrigtsen kutoka Norway. Mita za mwisho wakamwachia njia wakabaki nyuma wakimshangilia. Muda ule haukuingizwa kama rekodi rasmi ya dunia, sababu mojawapo ikiwa hao hao wasaidizi kuingia na kutoka. Hata hivyo hakuna aliyetazama ile picha akasema Kipchoge alikuwa peke yake.

Nafundisha watoto wa shule hapa na hii naitumia hivi: wanne wanakimbia kwa mstari mmoja kuzunguka uwanja, kila mmoja anaongoza kwa kipande chake kisha anaenda nyuma. Wakimaliza nauliza, nani alikuwa akiongoza ulipojisikia kukimbia vizuri zaidi? Na kwa nini? Mtoto anajibu, "Wakati wa Fulani, kwa sababu hakuwa anaongeza na kupunguza." Huyo aliyetajwa huenda ndiye wa mwisho kila siku kwenye mbio za mia. Kumbe ana kipaji cha kushika kasi moja, na mtu wa kwanza kukigundua ni mtoto mwenzake aliyekuwa mgongoni kwake.

Pia watazameni Malkia Strikers wetu wa voliboli. Wakipata pointi wanakusanyika katikati, wakipoteza wanakusanyika katikati. Voliboli karibu yote duniani iko hivyo. Mtoto akilizoea hili, aliyekosea servu hapati nafasi ya kusimama peke yake na aibu yake.

Namba Sita

Hilo la voliboli nalikubali, nimeliona. Lakini kule kugonga tano, viganja kwa viganja, wakikusanyika siyo kusifia, ni mazoea tu.

Mwalimu wa Zamu

Ni mazoea yenye faida. Mwaka 2010 watafiti wa Berkeley, California, walichapisha kazi yao juu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Walichukua mechi za mwanzoni mwa msimu wa 2008/09, wakahesabu wachezaji wanavyogusana: kugonga tano, kugongana vifua, kupigana kofi la kichwani la kirafiki. Timu na wachezaji waliogusana sana mapema ndio waliocheza vizuri zaidi baadaye katika msimu, kwa mtu binafsi na kwa timu. Haina maana ukigonga tano utafunga. Lakini timu isiyogusana kabisa, mimi ningeitilia shaka.

Ila uko sahihi kwamba mkono hautoshi. Mkono unasema "tuko pamoja". Mdomo unasema "nilikiona ulichofanya".

Bibi wa Wajukuu Kumi

Wanangu, mimi si wa mpira. Naomba kuuliza tu: je, hamwoni kwamba mtoto akisifiwa sana kipaji chake anavimba kichwa? Mjukuu wangu wanamwita Messi. Tangu aitwe hivyo hataki kufanya mazoezi na wenzake, anasema wao ndio wanahitaji.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo bibi. Umegusa penyewe. Claudia Mueller na Carol Dweck mwaka 1998 walitoa majaribio yao kwa watoto wa miaka kumi na kumi na moja hivi. Wakawapa mafumbo, siyo mpira. Wengine wakawasifia "una akili", wengine "umejitahidi". Baadaye walipewa mafumbo magumu wakashindwa. Waliosifiwa akili wakakata tamaa haraka, wakafurahia kidogo, wakafanya vibaya zaidi kuliko mwanzo, na walipotakiwa kuandika alama zao karibu wanne kati ya kumi wakadanganya. Waliosifiwa juhudi wakaendelea kukomaa.

Jina la Messi ni sifa ya kuzaliwa nayo, haimpi mtoto cha kufanya kesho. Mkiweza, mpunguzieni hilo jina taratibu. Na siku ya duara mpe kazi ya kumtazama mwenzake mdogo kuliko wote. Mtoto mwenye kipaji kikubwa akifundishwa kuona ndiye anayesaidia timu kuliko kocha, maana sifa yake ina uzito. Dogo akiambiwa na Messi wa mtaani kwamba "ile tobo uliyonipiga sikuitegemea", usiku halali.

Kapu la Maembe

Mimi nikiambiwa hivyo hata leo na miaka yangu arobaini silali.

Sauti ya Darasa la Tano

Mna jibu gani kwa kejeli? Nimejaribu huu mduara. Watoto wakajua haraka sana kugeuza sifa kuwa silaha. "Nilikuona ulivyokaa golini kwa utulivu wakati mpira unapita." Wote chali kwa kicheko. Kimsingi kafuata masharti yako, kataja tendo na mahali.

GA Mstaafu

Huyo mtoto ana kipaji cha ushairi, msimpoteze.

Mimi nafanya hivi. Sifa lazima iwe jambo ambalo aliyesifiwa angependa kulirudia kesho. Namgeukia aliyeambiwa, namuuliza, "Utalirudia?" Kipa hawezi kusema atarudia kutazama mpira ukipita. Basi sifa haijapita, na msemaji anatafuta nyingine hapo hapo, mbele ya watu, huku yeye sasa ndiye anayesubiriwa. Kicheko kinamhamia. Sijawahi kuhitaji fimbo kwa hilo. Na nawajua wanaochukia mtu fulani, siwapi watazamane mwanzoni. Wanaanza na mtu wanayempatana, chuki tunaifikia baadaye wakishakuwa na mazoea ya kutazama.

Mbeba Maboksi Ohio

Huku Marekani binti yangu anacheza ultimate, ule mchezo wa kurushiana kisahani. Kinachonishangaza hauna refa, hata kwenye mashindano mengi makubwa wachezaji wenyewe wanaamua kama ni faulo. Mechi ikiisha timu mbili zinachanganyika kwenye duara moja, mmoja wa timu hii, mmoja wa ile, wanaambiana mazuri waliyoyaona kwa wapinzani. Kisha kila timu inaipa nyingine alama za uungwana, mambo matano, kila jambo sifuri hadi nne, na kuna kombe lake. Mwanzo nilidhani ni utoto. Sasa binti akirudi nyumbani ananisimulia wachezaji wa timu pinzani kwa majina na wanachokiweza. Mwalimu, hili la kuwasifia wapinzani mnalo huko?

Mwalimu wa Zamu

Kwa mechi za ndani ya shule tunalo. Kwa mechi za shule na shule bado ni kazi, wanatoka uwanjani wanatazamana kama watu wa kesi. Tukipata hata kupeana mikono ya kweli, siyo ile ya kugusana vidole huku wanatazama kwingine, nashukuru.

Namba Sita

Naomba nimalizie hoja yangu kisha niende mazoezini. Sikatai kusifia. Ninachokataa ni timu isiyoambiwa ukweli. Dogo anapoteza mpira mara kumi upande ule ule, anataka kupiga chenga watu wanne, na kwenye duara anaambiwa alirudi kukaba. Lini anaambiwa kwamba anaua timu?

Mwalimu wa Zamu

Anaambiwa na wewe, kocha. Kumrekebisha ni kazi yako, umvute pembeni, uso kwa uso, siku hiyo hiyo. Watoto wasipewe kazi ya kurekebishana wakiwa bado hawajui kuonana, wataitumia kuzomeana kwa kibali cha mwalimu. Wale wa darasa la saba waliozoea, hao naruhusu waambiane na la kurekebisha, kwa sharti kwamba anayesema atoe na msaada: "Ukibanwa upande ule nitakuwa nyuma yako, nirudishie." Mdogo wa miaka minane hafiki hapo.

Na nakubaliana nawe jambo moja: duara ikigeuka ibada ya kila siku inachosha. Mimi siku za mechi ngumu tuliyopoteza kwa uzembe, sifanyi. Wanaenda nyumbani na hasira zao, kesho yake tunaongea.

Mama wa Kipa

La mwisho kutoka kwangu. Jumamosi shuleni kwao kuna bonanza na wazazi tunakuja. Kero kubwa ni sisi wazazi. Kuna baba mmoja anapiga kelele mpaka watoto wanasimama wanamtazama. Nifanyeje, maana mimi ni kwenye kamati?

Mwalimu wa Zamu

Kama upo kwenye kamati basi umeula. Fanya kwa wazazi kile kile tunachofanya kwa watoto. Mlangoni kila mzazi apewe karatasi yenye jina la mtoto asiye wake na namba ya jezi. Kazi yake ni kumtazama huyo mechi nzima, na ikiisha anamfuata anamwambia jambo moja alilomwona akilifanya. Anayemtafuta namba saba uwanja mzima anakosa muda wa kumkaripia mwanawe. Huyo baba mpe mtoto wa kiungo, asiyetulia mahali pamoja, awe na shughuli. Karatasi ziandike nyumbani Ijumaa jioni, ukisubiri uziandikie uwanjani wazazi watakuwa wamekwishajipanga kwenye mstari na refa kapuliza.